Utangulizi: DNA Inayohama katika Ngano Iliyozaliwa Jana

Ndani ya kila punje ya ngano kuna Fatima. Wamo pia Angela, Sabrina, Jorge, Veju na Minos. Ni majina ambayo watafiti wa jenetiki ya nafaka wamevipa vipande vya DNA vyenye tabia moja isiyo ya kawaida: vinaweza kuhama. Kimoja hujing'oa mahali pake na kwenda kujipachika kwingine. Kingine hubaki pale pale na kutuma nakala yake. Kwa hiyo Fatima si mmoja. Ana maelfu ya nakala zilizotawanyika katika kromosomu za ngano ya mkate, nyingi zimevunjika na kuchakaa, chache bado nzima.

Nimeanza na majina kwa makusudi. Mwanafunzi anayefika kwenye taaluma hii huwa ameshasikia kwamba sehemu kubwa ya jenomu ya ngano ni takataka, marudio yasiyo na maana yanayozitenga jeni. Akilisikia hilo mara mbili, anaacha kuuliza. Lakini kitu chenye jina huulizwa habari zake: ametoka wapi, jamaa zake ni akina nani, na akifika ugenini hufanya nini. Swali hilo la mwisho ndilo lililonileta mimi katika kazi hii, na ndilo ninalokukaribisha nalo. Nini huvipata vipande hivi siku ngano mpya inapozaliwa, pale jenomu za mimea miwili ya koo tofauti zinapojikuta ghafla ndani ya kiini kimoja cha seli?

Kwanza tuijue familia yenyewe. Ngano inayotupa unga wa mkate na chapati, Triticum aestivum, ni tunda la ndoa mbili zilizofuatana. Ya kwanza ilifungwa porini, Mashariki ya Kati, miaka laki kadhaa iliyopita. Ngano-mwitu iitwayo Triticum urartu, yenye jenomu tunayoiita A, ilichanganyika na nyasi ya jamii ya Aegilops, jamaa wa karibu wa Aegilops speltoides, iliyoleta jenomu B. Mtoto wao ndiye ngano ya emeri, AABB, ambaye ndugu yake wa leo ni ile ngano ngumu inayotengenezewa tambi. Ndoa ya pili ilifungwa pembeni mwa mashamba ya watu, kiasi cha miaka 8,000 hadi 10,000 iliyopita, karibu na Bahari ya Kaspi upande wa kusini. Emeri, ambayo wakati huo ilikuwa zao la shambani, ilipokea chavua ya gugu moja, Aegilops tauschii, lenye jenomu D. Ikazaliwa AABBDD: seti sita, kromosomu 42.

Hali hiyo ya kuwa na seti zaidi ya mbili huitwa poliploidi. Mmea wenye seti mbili ni diploidi, wenye nne ni tetraploidi, wenye sita ni heksaploidi. Msomaji wa Afrika Mashariki anao mfano wa karibu zaidi kuliko ngano. Kahawa ya arabika ni tetraploidi iliyotokana na mchanganyiko wa robusta, yaani Coffea canephora, na mbuni-mwitu wa ukanda wetu uitwao Coffea eugenioides. Bukoba wanalima zaidi mzazi. Moshi wanalima mtoto.

Mchanganyiko wa koo mbili kwa kawaida huishia kwenye utasa. Baghala, mtoto wa punda na farasi, ana kromosomu 63, na kromosomu hizo zinapotafuta wenzi wa kuoana nao wakati wa kutengeneza mbegu za uzazi, hazioani sawasawa. Mmea una njia ya kutokea ambayo baghala hana: unaweza kuzirudufu kromosomu zake zote, kila moja ikapata pacha, na uzazi ukarudi. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Ngano ina fahali watatu zizini, na wanakaa. Sehemu ya siri hiyo ni jeni iitwayo Ph1, iliyoko kwenye kromosomu 5B, ambayo kazi yake ilitambuliwa mwaka 1958. Huhakikisha kwamba kila kromosomu inaoana na pacha wake halisi, na si na binamu yake wa jenomu nyingine. Lakini Ph1 husimamia kuoana kwa kromosomu tu. Vipande vinavyohama haviko chini ya mamlaka yake.

Na vipande hivyo ni vingi mno. Jenomu ya ngano ya mkate ina herufi zinazokaribia bilioni 17, zaidi ya mara tano ya jenomu ya binadamu. Mwaka 2018 muungano wa kimataifa wa watafiti ulichapisha usomaji kamili wa aina moja ya ngano, Chinese Spring. Walihesabu jeni 107,891 za uhakika. Zaidi ya asilimia 80 ya jenomu iliyosomwa ilikuwa vipande hamaji, kama nitakavyoviita katika kurasa hizi, au transposoni kwa jina lililozoeleka. Nakala zake zinakaribia milioni 4. Jeni ni vijiji vilivyotengana, na nyika yote iliyo katikati ni hivi vipande.

Vimegawanyika makundi mawili makuu, na ni vyema kuyashika mapema kwa sababu tabia zake katika ngano changa hazifanani. Kundi la kwanza ni retrotransposoni. Hizi husomwa kwanza kuwa RNA, kisha RNA hiyo hugeuzwa tena kuwa DNA na kupachikwa mahali papya. Kipande cha asili hakiondoki, hivyo kila safari huongeza idadi. Fatima, Angela na Sabrina wako hapa, na kundi hili ndilo lililoijaza jenomu ya ngano. Kundi la pili ni transposoni za DNA, ambazo hukatwa zilipo na kuhamishwa zenyewe. Jorge yuko huku. Katika kila kundi wamo wadogo wasio na vimeng'enya vyao wenyewe, wanaotegemea vya wakubwa ili wasafiri. Veju ni mdogo wa kundi la kwanza, Minos ni mdogo wa kundi la pili. Wadogo hawa watakuwa na nafasi kubwa katika hadithi yetu kuliko umbo lao linavyoonyesha.

Retrotransposoni nyingi za ngano zina miisho miwili inayofanana, mmoja kila upande, kama vibao viwili vya jina moja kwenye milango miwili ya nyumba. Miisho hiyo ina kazi mbili zitakazotuhusu. Kwanza, ndani yake kuna amri ya kuanzisha usomaji wa kipande, na amri hiyo haina ukuta wa kuizuia isivuke mpaka hadi kwenye jeni jirani. Pili, miisho ni saa. Siku kipande kinapojipachika, miisho yake huwa sawa herufi kwa herufi. Miaka inavyopita, kila mmoja hupata makosa yake. Ukihesabu tofauti zao unapata umri wa safari. Kiswahili kinatumia neno ngano kwa nafaka na kwa hadithi za kale, na kila ninapozilinganisha herufi za miisho hiyo huona kwamba maana zote mbili ziko mezani kwangu.

Sasa, ikiwa milioni nne za vipande hivi zinaweza kuhama, kwa nini mmea haujavunjika? Kwa sababu karibu vyote vimenyamazishwa. Seli huweka alama ndogo za kikemikali, methili, juu ya herufi ya sitosini, na DNA yenye alama nyingi hukunjwa na kufungwa hata isisomeke. Walinzi wanaoonyesha pa kuweka alama hizo ni RNA ndogo sana, kwa kawaida zenye herufi 24, zinazofanana na vipande vyenyewe. Mlinzi hukitambua kipande kwa sababu aliumbwa kutokana nacho. Kumbuka hilo, kwa maana hapo ndipo mgogoro wa ndoa unapoanzia.

Mtu wa kwanza kuona DNA ikihama alikuwa Barbara McClintock, katika mahindi, huko Cold Spring Harbor, Marekani, miaka ya 1940. Alizisoma punje zenye madoa ya rangi, akaona kwamba madoa hayo yanaelezeka tu ikiwa kuna kitu kinachohama na kuzima au kuwasha jeni za rangi. Kwa miaka mingi wenzake wengi hawakujua waiweke wapi habari hiyo. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983. Maneno aliyoyatoa kwenye hafla hiyo, yaliyochapishwa mwaka 1984, ndiyo yaliyozaa taaluma yetu. Alizungumzia mshtuko wa jenomu: seli inapokutana na jambo ambalo haikuandaliwa, vipande vilivyolala huweza kuamka na kuipanga upya jenomu nzima. Miongoni mwa mambo ya kushtua aliyoyataja ni kuchanganya spishi mbili.

Wazo hilo lina mantiki inayovutia. Mama huingiza kwenye yai si DNA yake pekee bali na ute wa seli, pamoja na RNA ndogo zilizomo. Walinzi hao wanavijua vipande vya upande wa mama. Baba huleta vipande vyake kupitia chavua, na vingine ni vya koo ambazo walinzi wa mama hawajawahi kuziona. Usiku wa kwanza wa nyumba mpya, nani anamlinda nani? Wengi wetu tuliingia kwenye kazi hii tukitarajia mlipuko.

Bahati yetu katika ngano ni kwamba usiku huo tunaweza kuurudia. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, Hitoshi Kihara huko Japani na E. S. McFadden pamoja na E. R. Sears huko Marekani walifikia jibu moja, kila upande kivyake: mzazi wa tatu wa ngano ya mkate ni Aegilops tauschii. McFadden na Sears waliithibitisha kwa kuiumba ngano hiyo upya, na taarifa yao kamili ikatoka mwaka 1946. Tangu hapo, yeyote mwenye subira na mikono isiyotetemeka anaweza kuzaa upya zao lililotokea mara chache tu katika historia ya dunia.

Nitaeleza inavyofanyika, kwa sababu anayeijua kazi ya mikono huwasoma waandishi wa makala kwa jicho lingine. Unachagua suke la emeri au la ngano ngumu kabla halijachanua. Kila ua dogo lina vifuko vitatu vya chavua. Unavifikia kwa kibano chembamba na kuvitoa vyote vitatu vikiwa bado vya kijani, bila kuugusa unyoya wa stigma. Ukiacha kimoja, ua litajichavusha lenyewe na miezi yako minne itapotea. Suke unalifunika kwa mfuko wa karatasi. Baada ya siku mbili au tatu stigma inakuwa tayari, unaleta chavua mbichi ya Aegilops tauschii na kuipakaza. Mbegu ikishika, mara nyingi tishu ya kulishia kiinitete hufa mapema, basi unakiokoa kiinitete kingali kidogo na kukilea kwenye chupa yenye chakula. Mche unaoota una kromosomu 21, ABD, kila moja bila pacha. Huyo ni baghala wetu. Unamtia kolkisini, dawa inayopatikana katika ua liitwalo Colchicum autumnale, ambayo huzuia kromosomu zisigawanywe baada ya kurudufiwa. Uwezo wake wa kuzaa poliploidi ulijulikana mwaka 1937. Mara nyingine hata dawa haihitajiki, kwa kuwa chotara wa aina hii hutengeneza mbegu za uzazi zisizopunguza kromosomu, na hizo zikikutana, maradufu imekwisha kutokea. Naamini ndivyo ilivyokuwa kule Kaspi, ambako hakukuwa na mtu wala kibano.

Punje ya kwanza yenye kromosomu 42 hutoa mmea tunaouita S1. Watoto wake ni S2, kisha S3, S4, na kuendelea. Wazazi halisi bado wako hai kwenye bahasha za mbegu. Hapo ndipo nguvu yote ya jaribio ilipo. Kanuni ya kulinganisha ni rahisi: tunatarajia mtoto awe jumla ya wazazi wake. Kila kitu kilichomo kwa mtoto na hakimo kwa mzazi yeyote, au kilichomo kwa mzazi na kimetoweka kwa mtoto, kinadai maelezo.

Kikundi kilichofungua njia kilikuwa cha Taasisi ya Weizmann huko Israeli, chini ya Moshe Feldman na Avraham Levy, pamoja na mwanafunzi wao Khalil Kashkush. Mwaka 2001 walionyesha kwamba baadhi ya mfuatano wa DNA hutoweka katika vizazi vya mwanzo kabisa vya poliploidi mpya, na kwamba alama za methili hubadilika. Mwaka 2003 ikaja makala ambayo bado namwambia kila mwanafunzi aanze nayo. Walikifuatilia kipande kiitwacho Wis 2-1A katika tetraploidi iliyoundwa maabara. Kipande kiliamka. Kilisomwa kwa wingi kuliko kwa wazazi. Lakini hawakuona wimbi la nakala mpya. Kilichotokea ni kwamba usomaji ulioanzia kwenye mwisho wa kipande ulivuka mpaka na kuingia kwenye jeni jirani. Pale uliposoma jeni kwa mwelekeo wake, jeni iliongezeka sauti. Pale uliposoma kinyumenyume, jeni ilinyamazishwa. Kipande hakikusogea hata herufi moja, na bado jirani zake walibadilika tabia.

Jambo hilo linastahili kukaliwa kidogo. Kabla yake, wengi walidhani kwamba hatari ya kipande hamaji ni pale kinapohama. Kashkush na wenzake walionyesha kwamba kuamka kwenyewe kunatosha. Na kwa kuwa nakala za ukoo mmoja ziko maelfu, zikiamka pamoja, jeni nyingi zilizo mbalimbali zinaweza kupokea amri moja kwa siku moja. Si rahisi badiliko la kawaida la herufi moja moja kufanya hivyo.

Mwaka 2010 kikundi cha Kashkush kilimgeukia Veju, yule mdogo, katika heksaploidi mpya, kizazi hadi kizazi. Karibu asilimia 43 ya mahali walipopachunguza palibadilisha hali ya methili ndani ya vizazi vinne. Katika vizazi vitatu vya mwanzo, aghalabu alama zilipungua. Katika cha nne zikaanza kurudi kwa wingi. Hadi nusu ya miisho ya Veju ilifutika katika kizazi cha kwanza, na nakala mpya zikaonekana zaidi katika cha pili. Mwaka uliofuata, utafiti wa RNA ndogo ulionyesha upande wa walinzi wenyewe: sehemu ya RNA ndogo zinazohusu vipande hamaji ilipungua kadiri seti za kromosomu zilivyoongezeka. Kuhusu Minos na ndugu zake, dalili za kuhama zilionekana pia katika heksaploidi changa. Ukizisoma kazi hizi kwa mfululizo unaona picha ya nyumba ambayo walinzi wake wamelegea, vurugu ikapita, kisha ulinzi ukajipanga upya.

Lakini katika miaka hiyo hiyo picha nyingine ilikuwa ikichorwa. Huko Ufaransa, watafiti waliounda heksaploidi nyingi kutokana na wazazi tofauti walikuta kwamba muundo wa jenomu kwa jumla ulikuwa jumla ya wazazi, bila uharibifu mkubwa. Huko China, kikundi kilichochapisha mwaka 2011 kilikuta mabadiliko mengi ya alama za methili, yanayorithiwa, juu ya DNA ambayo yenyewe ilikuwa imetulia. Na jenomu kamili ilipopatikana mwaka 2018, saa za miisho zilisomwa kwa maelfu. Kama kuzaliwa kwa ngano ya mkate kungeanzisha wimbi kubwa la safari, tungekuta rundo la vipande ambavyo miisho yake haitofautiani hata kwa herufi moja, kwa sababu miaka 10,000 ni mifupi mno kwa saa hiyo. Rundo la namna hiyo halikuonekana. Kilichoonekana ni cha kustaajabisha kwa njia nyingine: tangu mababu wa A, B na D walipotengana mamilioni ya miaka iliyopita, karibu vipande vyote vya zamani vimefutika na vipya kushika nafasi zao, na bado uwiano wa koo nyingi umebaki ule ule katika jenomu zote tatu. Wakaazi wamebadilika wote, mtaa haukubadilika.

Je, kuna aliyekosea? Sidhani. Nimezisoma makala hizi mara nyingi, na maoni yangu ni kwamba ugomvi unatokana na kuyaita mambo matatu kwa jina moja. Kuna kuamka, yaani kipande kusomwa. Kuna kuhama, yaani nakala kutua mahali papya. Kuna kufutika. Neno "amilifu" limetumika kwa yote matatu, na msomaji asiyekuwa mwangalifu hutoka kwenye makala ya kuamka akiamini amesoma habari ya kuhama. Ukiyatenganisha, ushahidi hukaa pamoja bila kusukumana. Alama na walinzi hutikisika karibu kila mara. Kuamka hufuata, kwa baadhi ya koo. Kuhama ni kwa koo chache, hasa ndogo, na kwa idadi ambayo ndani ya milioni nne huzama isionekane. Koo kubwa zilizoijaza jenomu, hata zikiamka, hazijaonekana kuhama kwa wingi.

Kuna pia suala la nani aliyebaki kusimulia. Maabara hukutana na S1 wote waliozaliwa, wazima na dhaifu. Shamba la miaka 10,000 hukutana na wazao wa waliofaulu tu. Mmea uliovurugika sana haukuacha mbegu, na mvurugo wake haumo katika Chinese Spring wala ngano nyingine yoyote ya leo. Kwa hiyo ukimya wa jenomu ya kale haukanushi kelele za maabara. Hueleza kwamba kelele hizo hazikurithiwa.

Nikuonye pia kuhusu vipimo, kwa sababu hapa vijana wengi hujikwaa. Njia ya zamani ya kupima methili hutumia vimeng'enya viwili, HpaII na MspI, vinavyokata mahali palipoandikwa CCGG. Cha kwanza hukataa kukata sitosini ya ndani ikiwa na methili. Cha pili hakijali. Ukilinganisha mikato yao unajua alama iko wapi. Lakini mkato ukitoweka kwa mtoto, je, alama imeongezeka, au mahali penyewe pamefutika? Mistari miwili kwenye jeli haikuambii daima. Usomaji wa kisasa wa vipande vya herufi 150 nao una udhaifu wake: retrotransposoni nzima ina herufi elfu kadhaa, na ndugu zake maelfu wanafanana nayo, basi kipande kifupi hakijui kimetoka kwa Angela yupi. Usomaji mrefu, wa makumi ya maelfu ya herufi kwa pumzi moja, umeanza kutuondolea giza hili, na ndiyo sababu naona huu ni wakati mwema wa kuingia kwenye taaluma. Majaribio mengi mazuri ya miaka ya 2000 yanastahili kufanywa upya kwa macho mapya.

Huenda unajiuliza kama safari moja ya kipande kimoja ina uzito wowote. Ina. Ngano aina ya Hope huchanua mapema kwa sababu kipande hamaji kimepachikwa mbele ya jeni VRN-B3. Ngano fulani za Brazili zinastahimili udongo wenye sumu ya alumini kwa sababu kipande kingine kilitua mbele ya jeni TaMATE1B na kuifanya ifanye kazi kwenye ncha ya mzizi, ikitoa sitrati inayoifunga alumini. Na Veju, huyu huyu wa nusu kufutika, alipojipachika ndani ya jeni ya urefu wa shina, Rht-B1, alizaa ngano fupi kupita kiasi. Hakuna anayesema kwamba safari hizi tatu zilisababishwa na poliploidi. Ninazitaja ili ujue kipimo: katika milioni nne, moja inatosha kubadilisha tarehe ya mavuno.

Kwetu huku kuna mlango mwingine wa kuingilia. Mwaka 1998 ilitambuliwa nchini Uganda aina ya kutu ya shina iliyokuja kuitwa Ug99, ambayo iliishinda kinga iliyotegemewa na ngano nyingi duniani. Njoro, Kenya, pakawa mahali ambapo ngano kutoka mataifa mengi hupandwa makusudi ili zishambuliwe na kuchujwa. Sehemu ya kinga mpya ilitafutwa kwa mzazi wa tatu. Jeni Sr33, iliyotambuliwa herufi zake mwaka 2013, ilitoka kwa Aegilops tauschii. Njia mojawapo ya kumchota mzazi huyo ni kuunda heksaploidi mpya, kama nilivyoeleza hapo juu, kisha kuizalisha na ngano ya shambani, na kituo cha CIMMYT huko Mexico kimeunda zaidi ya elfu moja za namna hiyo. Wataalamu wa uzalishaji wa mimea wanajua kwa uzoefu kwamba kinga inayong'aa kwa mzazi wa diploidi mara nyingine hufifia kwa mtoto wa heksaploidi. Sababu ni zaidi ya moja, na baadhi ni jeni za kawaida zinazokandamiza nyingine. Lakini mtu anayepanda S1 yake shambani anapanda mmea ambao ulinzi wake wa ndani haujatulia, na ningependa kila mradi wa namna hiyo uwe na mtu mmoja anayezitazama alama za methili pembeni mwa jeni ya kinga, kizazi kwa kizazi, kabla ya kuamua kwamba mbegu haifai.

Maswali yaliyo wazi ni mengi kuliko watu wa kuyashughulikia. Ukibadilisha nani awe mama na nani awe baba, walinzi walegevu ni wa upande upi? Kwa nini koo ndogo huponyoka pale ambapo kubwa hunaswa? Mabadiliko ya alama yaliyotokea S1 yanadumu hadi kizazi cha ngapi, na je, mimea miwili ndugu hubadilika mahali pale pale au kila mmoja kivyake? Swali hili la mwisho naliona kuwa zito kuliko yote. Ikiwa ndugu kumi wanabadilika pale pale, kuna kanuni, na kanuni inaweza kujifunzwa. Ikiwa kila mmoja ana njia yake, basi ndoa ya Kaspi ingeweza kuzaa ngano tofauti na hii tunayoila. Kulijibu kunahitaji ndugu wengi wa S1, wazazi halisi kando yao, na mtu atakayezitunza bahasha za mbegu kwa uaminifu miaka kadhaa.

Kwa hiyo tutaanzia pale kazi yenyewe inapoanzia: bandani asubuhi, mbele ya suke la emeri, kibano mkononi, vifuko vya chavua vikiwa bado vya kijani.